Sahani ya Mwisho ya Maziwa ya Ogdo

Kule Mundulakh, kijiji cha kaskazini ya mbali, kitu kisichoganda hutiliwa shaka. Maji yanaganda, hilo halina mjadala. Maziwa yanaganda, yanauzwa kwa sahani kama vigae, unayatia guniani na kuyatupa mgongoni. Samaki akivutwa kutoka ziwani anapiga mkia mara mbili tatu, kisha anakuwa fimbo. Damu ya farasi inaganda, supu inaganda, na kule chooni nje mambo yanapanda juu kama kichuguu, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwenye nyumba aingie na mtaimbo kuyapunguza kabla hayajamchoma makalio. Hata zebaki huganda. Kipimajoto kilichotundikwa nje ya ofisi ya kijiji ni cha zebaki, kwa hiyo tangu kitundikwe, baridi ya Mundulakh haijawahi kuzidi nyuzi thelathini na tisa chini ya sifuri. Watu wanatoka nyumbani kope zimeshikana kwa barafu, wanakitazama, wanaambiwa kwa mujibu wa ofisi leo si mbaya sana.

"Ndiyo serikali hiyo," Bahilay alipenda kusema. "Ikizidiwa inasimama palepale, halafu inakutangazia kwamba hali ni shwari."

Bahilay alikuwa mgane, mchunga farasi aliyestaafu, mtu mfupi mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Shule aliiacha mapema akafuata mifugo, na hakuona alichokosa, kwa maana wote aliowajua waliomaliza shule walikwenda kukaa ofisini. Aliyemchukia kuliko wote katika hao wa ofisini alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Kesha. Na Kesha hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, ndugu wa damu wa marehemu mkewe, Ogdo.

Chuki yenyewe ilitokana na dizeli. Msimu wa baridi wa mwaka juzi Ogdo alibanwa kifua, nesi akampakia kwenye gari la zahanati wakimbilie hospitali ya wilaya. Hawakufika mbali. Dizeli iliyokuwa kwenye tangi ilikuwa ya kiangazi, na dizeli ya kiangazi ikipigwa na baridi ile inaanza kuwa na ukungu mweupe, kisha inakuwa uji, kisha inakuwa mshumaa. Gari lilikohoa likanyamaza katikati ya msitu. Lori la kuni liliwakuta na kuwarudisha, lakini Ogdo alikata roho ndani ya lori, kichwa begani kwa mumewe. Aliyeipokea ile dizeli na kuitia sahihi ni Kesha. Nesi Tuyara alieleza kwa upole kwamba moyo wa marehemu ulikuwa umechoka, hata gari lingefika. Bahilay alimjibu kwamba moyo wa mke wake ulikuwa mzima kuliko dizeli yao, na tangu siku ya mazishi hakumsemesha Kesha ila kwa kumzomea hadharani.

Alichoachiwa na Ogdo hakikuwa kingi. Ng'ombe aliuzwa, kwa sababu mikono ya Bahilay ilizoea farasi na ng'ombe alilijua hilo. Yalibaki maziwa. Kila vuli Ogdo alimimina maziwa kwenye mabakuli ya bati, akayapanga nje, na asubuhi akayang'oa yakiwa sahani nene nyeupe. Hakuyaharakisha. Maziwa yakiganda polepole, maji ndiyo yanayotangulia kushikana, pembeni kwanza, na utamu na malai vinasukumwa vikimbilie katikati, hata sahani inapokamilika ina duara la manjano kati yake. Ogdo aliliita moyo. Sahani zile zilihifadhiwa kwenye shimo la barafu, ghala lililochimbwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba, chini kabisa ambako ardhi haijawahi kuyeyuka tangu dunia iumbwe, kiangazi wala masika.

Miaka hii miwili Bahilay alikuwa akizikwangua sahani hizo kwa kisu, kidogo kidogo, kwenye chai. Sasa ilibaki moja. Tangu kiangazi hakuigusa. Alikunywa chai ya rangi, akanuna, na mara kwa mara akashuka shimoni, akaifunua kitambaa, akaitazama, akapanda tena. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake, na hakutaka mtu ayaguse.

Vuli iliyopita kulikuwa na mkutano ukumbini. Bahilay alikwenda kwa kusudi moja, kuuharibu. Kesha, ambaye zamani alifundisha kemia kabla hajapandishwa cheo cha kutojua chochote, alisimama mbele akaanza kueleza habari za bomba jipya la kupasha joto ukumbi, lile lililopitishwa juu ya magogo kwenye mteremko wa Bahilay bila Bahilay kuulizwa.

"Na ile dizeli?" Bahilay alipaza sauti.

Kesha akaendelea.

"Nauliza, na ile dizeli?" Alipanda juu ya benchi. Kina mama wakacheka, vijana wakapiga miluzi. Kesha alisema alichosema, wachache wa mbele wakasikia, na Bahilay akarudi nyumbani akiwa ameridhika sana.

Basi ikaja Januari, ile Januari ambayo ukitema mate yanafika chini yakiwa kokoto. Asubuhi moja Bahilay alitoka kuchukua kipande cha barafu ya ziwani akayeyushe maji ya chai. Ukungu ulikuwa mzito, na gizani aliona kwamba bomba la ukumbi linadondosha kitu kwenye kiungo chake, tone zito, kisha tone jingine. Alisimama akalitazama kwa furaha ya moyoni. Bomba la serikali linavuja! Halijamaliza hata msimu mmoja!

Hakumwambia mtu. Kwanza, hapakuwa na haja. Mundulakh hakuna anayeita fundi kwa bomba baridi linalovuja Januari. Bomba la ukumbi lilipashwa moto siku za mikutano na za uchaguzi tu, siku nyingine lilikaa baridi kama maiti, na bomba baridi likitoboka, baridi yenyewe ndiyo fundi. Tone la kwanza linaning'inia, la pili linalishika la kwanza, mpaka kesho pana kizibo cha barafu kigumu kuliko chuma. Kila mtoto wa pale anajua. Pili, kama ni kuripoti, angeripoti kwa nani? Kwa Kesha? Afadhali alambe shoka.

Akaenda zake kuchemsha chai.

Siku chache baadaye alisikia viatu vikilia kwenye theluji nyuma ya nyumba. Alichungulia, akaona tochi inatembea chini ya bomba, na nyuma ya tochi, ndani ya kofia ya manyoya kubwa kuliko kichwa, Kesha.

"Shemeji," Kesha alisema.

"Ushemeji tuliuzika mwaka juzi. Unatafuta nini kwangu?"

"Ukumbi umekataa kupata moto. Mgeni wa wilaya anafika leo, na mashine inasema bomba ni tupu." Kesha aliinua tochi. "Hapa panavuja."

"Nimepaona."

"Umepaona lini?"

"Siku hizi hizi. Patajiziba."

"Patajiziba na nini?"

"Na baridi, wewe! Umezaliwa wapi, Afrika?"

Kesha alishusha tochi, pumzi ikimtoka kama moshi wa sigara. "Mzee Bahilay, yale si maji. Ni dawa ya rejeta, ile inayotiwa kwenye magari. Tumelijaza bomba zima dawa ili likae baridi bila kupasuka. Haigandi. Nilieleza mkutanoni, nikasema atakayeona inavuja akimbie kuniambia."

"Hukusema."

"Nilisema."

"Ningesikia."

"Ungesikiaje? Ulikuwa umesimama juu ya benchi unabweka."

Bahilay alikwisha kuacha kumsikiliza. Mwanga wa tochi ulikuwa umeteremka kutoka kwenye kiungo mpaka kwenye theluji, na kwenye theluji palikuwa na mfereji mwembamba, wa kijani kama jani bichi, uliojichimbia njia kwenda chini. Ulipita kando ya kuni. Ulizunguka jiwe. Ukaenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa shimo la barafu, ukaingia ndani kama mwenye nyumba.

Siku zote mfuniko ule ulihitaji mtaimbo, kwa jinsi unavyoshikwa na barafu. Safari hii Bahilay aliuvuta kwa mkono mmoja, ukafunguka kama mlango wa duka. Alipoona umefunguka hivyo, akashuka ngazi bila kungoja tochi.

Chini kulikuwa na dimbwi. Dawa ilimfika kwenye vifundo, nzito kama asali, baridi kupita barafu yenyewe lakini haijaganda. Kuta ambazo tangu zichimbwe zilikuwa na manyoya meupe ya barafu sasa zilikuwa tupu na zinang'aa. Mle ndani mlikuwa baridi ileile ya siku zote, lakini barafu ilikuwa inatoka jasho. Hilo lilimtisha Bahilay kuliko kitu chochote alichowahi kuona, barafu kuyeyuka bila joto.

"Inaila," Kesha alisema juu yake, akishuka. "Ikigusana na barafu inaiyeyusha, baridi au si baridi. Ndiyo kazi yake."

"Sikukuuliza!"

Sahani ya Ogdo ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, kwa kuwa ndipo penye baridi kuliko pote. Aliipapasa gizani. Nusu yake ilikuwa imezama. Aliinyanyua, na kingo zake zikabonyea vidoleni kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Bila kufikiri alipeleka kidole mdomoni.

Kesha alimpiga mkono. "Usilambe! Ni sumu! Ni tamu, lakini inaua."

"Ndio ninyi hao," Bahilay alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu aliyoikusudia. "Hata sumu mnaitia sukari."

Kutoka juu ikasikika sauti ya Tuyara, nesi, ambaye Kesha alikuwa amempitia njiani, mbwa na ng'ombe wa majirani wasije wakailamba dawa. "Kila kilichomo kitupwe! Nyama, samaki, matunda, vyote! Msiniletee maiti mbili wiki hii, sina nafasi!"

"Na hiyo uliyoishika nini?" Kesha aliuliza.

"Hii siyo chakula."

Kesha alimulika. Aliona ukingo wa sahani wenye mikunjo midogo, alama ya bakuli la bati lililobonyea upande mmoja, bakuli ambalo mama yake ndiye aliyelibonyeza kwa kumrushia yeye Kesha alipokuwa mtoto mtundu. Tochi ikashuka.

"Ni ya dada."

"Ni ya mwisho."

Wakasimama kwenye dawa ile, wanaume wawili wazima. Bahilay alikuwa na matusi aliyoyaweka akiba miaka miwili, ameyapanga vizuri, na sasa palikuwa mahali pake na saa yake. Alianza. "Uliitia sahihi ile dizeli."

"Niliitia."

"Hukuchota hata kopo moja ukaliweka nje, ukatazama linakuwaje."

"Karatasi ilisema ni ya msimu wa baridi."

"Karatasi! Karatasi ndiyo iliyombeba?"

"Na wewe," Kesha alisema, akiwa amepandwa na hasira naye, "wewe umeliona bomba linavuja juu ya shimo lako mwenyewe, ukaenda kunywa chai! Unataka tuhesabiane? Haya, tukae humu tuhesabiane, na maziwa yanaliwa mkononi mwako!"

Bahilay alitazama mkononi. Ilikuwa kweli. Tone la kijani cheupe lilikuwa linamtiririka kwenye kifundo cha mkono.

"Sema basi cha kufanya, mwalimu," alisema kwa meno yaliyofungwa. Lilikuwa tusi, lakini Kesha alilipokea kama swali.

"Tuitoe nje. Kule juu kuna baridi ya kweli. Penye maziwa matupu patakuwa jiwe. Penye dawa patabaki laini. Palipo laini tunakata, na zaidi kidogo."

"Kama palipo laini ni pote?"

Kesha alikwisha kushika ngazi, na Bahilay alimshukuru kimoyomoyo kwa kutosema ndiyo, ila hangemwambia hata akichomwa moto.

Waliifuta kwa theluji wakaiweka kwenye ubao juu ya paa la banda, mbali na mbwa. Wakati wakingoja walivitoa vilivyokuwa ghalani: mbavu za farasi, samaki, ndoo za matunda mekundu ya msituni, vyote vikipandishwa ngazi na kutupwa kwenye pipa huku Tuyara akisimamia kama hakimu. Kesha alikuwa juu ya ngazi, Bahilay chini, na walizungumza maneno mawili tu, "shika" na "nimeshika". Mara simu ya Kesha ikalia. Mgeni wa wilaya alikuwa ameshafika, anakaa ukumbini, anauliza kwa nini chai inashika barafu kwenye kikombe.

"Nenda kwa bwana wako," Bahilay alisema.

"Angoje."

"Ataganda."

"Akiganda tutajua ni maji," Kesha alisema. "Asipoganda, basi."

Tuyara alicheka mpaka akashika ukingo wa pipa. Bahilay hakucheka, aligeuza uso akajifanya anakohoa.

Mwanga wa siku, ambao Januari hauna maana ya kuja, ulipoanza kuondoka, waliishusha sahani. Bahilay aliishika kwa glavu, akatoa kisu, akaigonga ukingoni kwa mpini. Ilitoa sauti ya kitu kilicholowa, kama kugonga tikiti bovu. Akagonga ndani kidogo. Bado. Uso wake ukawa mweupe kuliko maziwa. Akasogea tena ndani, akagonga.

Ikalia. Sauti kali, safi, kama kikombe cha kauri.

"Hapo!" Kesha alipiga kelele. "Umesikia? Hapo!"

"Mimi siyo kiziwi."

Walileta msumeno wa kukatia barafu. Bahilay alikata mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Palipo laini palitoka kwa vipande vilivyonata kwenye meno ya msumeno, vina rangi ya kijani ya ugonjwa. Alipofika kwenye nyeupe alisimama.

"Ongeza," Kesha alisema.

"Imeshalia."

"Ongeza, shemeji. Upana wa vidole vinne."

"Vidole vya nani? Vyako vimenona."

"Kata!"

Akakata. Kila mzunguko sahani ilipungua, na kila kipande kizuri cheupe kilichoanguka kwenye theluji Bahilay alikifuata kwa macho kama mtu anayevuliwa nguo sokoni. Alisugua msumeno kwa theluji, akakata tena. Mwishowe hakikubaki cheupe cha kupunguza. Kilibaki kile cha katikati, duara la manjano lililotosha kiganja, gumu, kavu, lenye kulia kama kengele popote ulipoligonga. Moyo ulikuwa umepona, kwa sababu Ogdo hakuwahi kuyaharakisha maziwa yake.

Tuyara aliuchukua, akaumulika, akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa. "Kama nesi, nasema mtupe," alisema. "Kama Tuyara, mimi nimeshaondoka, sikuona kitu. Mkianza kupepesuka kama walevi na hamjanywa, nigongeeni mlango."

Akaondoka kweli.

Bahilay alibaki ameushika. Shimo lilikuwa limekufa. Kulikausha na kulirudishia barafu yake kungechukua mwaka, kama kungewezekana. Angeweza kuuweka juu ya paa, ungekaa vizuri mpaka jua la Aprili. Baada ya hapo hapakuwa tena na mahali duniani pa kuuweka. Alisimama mlangoni akilitazama paa, kisha Kesha, ambaye masharubu yake yalikuwa yameganda na pua inamvuja.

"Ingia," Bahilay alisema. "Unaniingizia baridi."

Chai ilichemka. Bahilay alikwangua maganda machache ya manjano kwenye bakuli, na kama ilivyo ada, akafungua mlango wa jiko la kuni akaupa moto sehemu yake kwanza. Maganda yalilia kidogo kwenye makaa. Wote wawili waliinama kutazama.

"Haujazimika," Kesha alisema.

"Moto wangu umezoea sumu. Nilichoma gazeti lenye picha yako."

Akakwangua zaidi, safari hii kwenye vikombe. Chai ya rangi ikageuka, ikawa na rangi ambayo meza ile haikuiona tangu kiangazi. Walikaa wakitazamana juu ya vikombe, hakuna aliyetaka kutangulia. Kisha wakanywa kwa pamoja, kama waliohesabiwa.

"Ni tamu," Kesha alisema polepole.

"Ni tamu."

"Tamu ya ng'ombe au tamu ya rejeta?"

Bahilay alikuwa na chai mdomoni. Aliizungusha. Moyo wa maziwa ya Ogdo ulikuwa mtamu siku zote, hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Lakini mtamu vipi, kiasi gani, hakuweza kuapa, kwa maana mara ya mwisho aliuonja kabla ya kiangazi. Alitafuta kichwani akakuta panateleza. Alikuwa ameihifadhi ile sahani miezi yote asiisahau ladha yake, na ladha yenyewe ilikuwa imemponyoka akiwa amekaa kuilinda.

"Wewe je?" aliuliza. "Ulikula moyo utotoni. Ulikuwa hivi?"

Kesha alifumba macho. Kofia ilikuwa mapajani, theluji ikimyeyukia shingoni.

"Dada alikuwa ananinyima," alisema. "Alikuwa anaula mwenyewe nyuma ya banda, ananiachia ukingo. Siku moja niliuiba." Akanywa tena, akaishikilia chai mdomoni. "Ndio huu."

"Una hakika?"

"Alinipiga na mwiko kwa ajili yake. Mtu hasahau."

Bahilay alimeza. Alikunywa kikombe mpaka chini, na chini palibaki matone mawili ya malai, akayafuata kwa kidole. Kesha alisukuma kikombe chake mbele.

"Unataka nini?"

"Kingine."

"Mwenyekiti mzima, mgeni wako anaganda ukumbini, unadai kikombe cha pili."

"Nadai cha dada yangu."

Bahilay aliutazama moyo kwenye bakuli. Alichukua kisu akaanza kuukwangua, taratibu, kisha kwa nguvu, wala hakuacha kipande cha kesho.

"Unasikia chochote kichwani?" Kesha aliuliza.

"Bado. Wewe?"

"Nakuona wawili."

"Mwongo," Bahilay alisema, akimmiminia. "Ungeniona wawili ungekuwa umeshakimbia."